Teknolojia darasani kwa walimu wa Unguja na Pemba: lengo la somo kwanza, kifaa baadaye

Mwalimu mwenzangu, iwe skuli yako imepata projekta, umegawiwa kishikwambi, au huna zaidi ya simu janja yako mwenyewe, swali la kuanza nalo ni hili: kesho watoto watoke darasani wakiweza kufanya nini ambacho leo hawakiwezi? Kifaa kinakuja baada ya jibu. Ukianza na kifaa utahangaika kukitafutia somo, na kipindi kitakwisha watoto wamefurahi lakini hawajajifunza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na projekta siku ya kwanza ni kinyemi khaswa.

Peru waliliona hili kwa gharama kubwa. Serikali yao iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walitoa matokeo kutoka skuli 319, nyingi za vijijini. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka kutoka 0.12 kwa kila mwanafunzi hadi 1.18, yaani kila mtoto na yake na ziada. Katika mitihani ya hisabati na lugha, hawakuona tofauti yoyote. Mashine zilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ile ile.

Mwongozo huu unafuata njia anayopita mwalimu, kutoka andalio la somo mpaka baada ya kengele. Nitatumia mfano mmoja kwa urefu, nao ni kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, kwa sababu mtoto wa Micheweni, wa Nungwi au wa Makunduchi ameyaona maji hayo tangu hajajua kusoma.

Hatua ya 1: Andika lengo linaloonekana kwa macho

"Mwanafunzi aelewe kujaa na kupwa kwa maji" si lengo unaloweza kulipima, kwa sababu kuelewa hakuonekani. Liandike kwa kitendo: "Mwanafunzi aweze kutabiri kama siku fulani ni ya bamvua au ya maji mafu kwa kuangalia umbo la mwezi, na atoe sababu." Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu ni siku ambazo hujaa na kupwa kidogo. Sasa unajua utauliza nini mwisho wa kipindi, na unajua nini hakihusiki. Filamu nzuri ya papa na nyangumi haihusiki, hata kama unayo kwenye flashi na watoto wanaililia.

Lengo moja kwa kipindi kimoja linatosha. Kipindi cha dakika 40, ukitoa dakika za watoto kukaa na za kuunganisha waya, hakibebi malengo matatu.

Hatua ya 2: Tafuta mahali watoto wanapokwama

Kaa na lengo lako ujiulize ni wapi hasa chaki na maneno vinashindwa. Teknolojia ina nafasi pale jambo linapochukua muda mrefu mno kutokea mbele ya macho, kama mbegu kuota. Ina nafasi pale kitu kinapokuwa kidogo sana au kikubwa sana, kama chembe hai au mfumo wa jua. Inasaidia sauti inapokuwa ndiyo somo lenyewe, kama matamshi ya Kiingereza au Kiarabu, na inasaidia pale hesabu za kurudia rudia zinapowamalizia watoto muda wa kufikiri. Na inamsaidia mwalimu mwenyewe anapotaka kujua kwa haraka darasa zima linawaza nini.

Kama pale wanapokwama hapamo katika hayo, chukua chaki bila ya kuona haya. Kugawanya kwa njia ndefu hakuhitaji projekta.

Katika mfano wetu, watoto wanakwama mahali pawili. Kwanza, wanajua maji yanakuja na kuondoka, lakini hawajawahi kuliona badiliko lote kwa pamoja, kwa vile linachukua zaidi ya saa sita kutoka kupwa mpaka kujaa. Pili, na hapa ndipo pagumu, hawaelewi kwa nini bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, jua na mwezi vinavuta kutoka upande mmoja, hilo wanalikubali. Lakini mwezi ukiwa mpevu, jua liko upande huu na mwezi upande ule. Mtoto mwenye akili atasema: "Si vinavutana, nguvu inakufa?" Swali hilo ndilo somo lenyewe.

Hatua ya 3: Hesabu ulichonacho kwa ukweli

Kabla ya kuandika jina la kifaa kwenye andalio, nenda kwenye chumba utakachofundishia, kwa saa ile ile utakayofundisha. Chumba chenye kivuli saa moja asubuhi kinaweza kujaa jua saa tano, na mkondo wa mchana una jua lake jengine.

Washa projekta, weka sentensi moja ukutani, kisha nenda ukakae dawati la mwisho kabisa. Kama wewe mtu mzima unakunja uso kusoma, mtoto hatosoma. Herufi za ukubwa wa 28 ndizo za kuanzia, na zisizidi mistari sita. Chumba chenye madirisha yasiyo na pazia kinahitaji projekta ya lumeni 3,000 na zaidi, na uangalie ile namba iliyoandikwa ANSI, kwa sababu zile projekta ndogo za bei nafuu hutangazwa kwa namba za kutia moyo ambazo hazipimwi kwa kipimo hicho. Kama mwanga unakushinda, funga kanga nzito kwenye madirisha mawili ya mbele tu. Ukifunika yote, hewa itakwisha na watoto watasinzia.

Sauti ni mtihani mwengine. Paa la bati wakati wa masika halisikilizani na spika yoyote ndogo. Ukipanga somo la kusikiliza kati ya Machi na Mei, liwe na njia ya pili.

Umeme usiutegemee peke yake. Unguja inalishwa kwa waya unaopita chini ya bahari, na Pemba imeungwa kwa waya wake kutoka Tanga tangu 2010, lakini umeme kufika kisiwani si sawa na kuwa nao darasani saa unayoutaka, na wakati mwengine kilichokwisha ni salio la Tukuza tu, yaani umeme wa kulipia kabla. Laptopu na simu vichajiwe usiku, pawabanki iwe mkobani. Projekta nyingi hazina betri, kwa hiyo kwa kila picha muhimu uwe na mchoro wake unaoweza kuuchora ubaoni kwa dakika mbili. Ufanyie mazoezi mchoro huo. Mwalimu aliyejiandaa hivyo, umeme ukikatika anashika chaki na kuendelea pale pale.

Kisha vifaa vya watoto. Kwa darasa la 60, simu moja ya mwalimu na projekta moja zinatosha kwa karibu kila kitu nitakachokieleza. Vishikwambi vichache, tuseme kumi, vinakwenda kwa makundi ya watoto sita, na katika kila kundi mmoja anashika, mmoja anaandika, mmoja anasoma maelekezo, wengine wanajadili na kutoa jibu, kisha nafasi zinazunguka. Bila ya mgao huo, kijana mmoja mwenye mabavu atakishika mpaka kengele.

Hatua ya 4: Pakua mapema, fundisha bila ya intaneti

Usifundishe kwa kutegemea bando lako. Mtandao utakwama wakati watoto 60 wanakutazama, na ukishawapoteza kuwarudisha ni kazi. Pakua kila kitu siku kabla, kisha zima data kabisa ujaribu tena. Kisichofunguka hapo hukipeleki darasani.

Vitu vya bure vinavyofanya kazi bila ya intaneti ni vingi. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, una majaribio ya sayansi na hisabati ya kuchezea kwenye kioo, mengi yanapakuliwa moja moja, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hesabu za sehemu, umeme na mizani ya milinganyo, sijaona kinachofanana nayo. GeoGebra ni ya jiometri na grafu. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu. Kolibri inafaa skuli yenye kompyuta kadhaa, kwani kompyuta moja inawagawia nyengine masomo bila ya bando. Na Stellarium inaonyesha anga la mahali popote, siku yoyote, na ndiyo tutakayoitumia hapa.

Video zihifadhi kwa ubora wa 480, zinatosha kwa ukuta wa darasa na hazili nafasi. Ziwe fupi. Utafiti wa 2014 uliochunguza utazamaji wa video kwenye kozi za mtandaoni za edX mara karibu milioni 6.9 ulikuta kwamba baada ya dakika sita hivi watu huacha kutazama, na hao walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao. Mimi nasema dakika tatu, usimamishe, uulize.

Kama huna pa kupakulia, nenda kwenye Kituo cha Walimu cha wilaya yako. Wapemba wanavijua vya Michakaeni na Mitiulaya. Hata kama mtandao haupo siku hiyo, utakutana na mwalimu mwenye flashi iliyokwisha jazwa.

Hatua ya 5: Somo lenyewe, bamvua na maji mafu

Maandalizi yanaanza pwani. Chagua siku ya bamvua. Katika mwambao wetu, siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi hivi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Simamisha mti ulionyooka mahali ambapo maji hufika, ukiwa umetiwa alama za rangi kila nusu mita. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, ukuta au kigogo, na upige picha kutoka pale pale kila baada ya nusu saa, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja. Kama skuli iko karibu na bahari, wanafunzi wakubwa wawili pamoja na mtu mzima wanaweza kushika zamu. Asiingie mtoto majini. Rudia wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mti ule ule, mahali pale pale.

Sasa una picha 17 za kila siku. Ziweke kwa mpangilio na uzipitishe haraka kwa kidole, moja baada ya moja: siku nzima ya bahari inapita kwa nusu dakika. Watoto watapiga kelele. Waache, kisha wape kazi: wasome alama kwenye mti katika kila picha na waandike saa na kimo daftarini. Kundi moja liingize namba hizo kwenye Excel, na mistari miwili, ya bamvua na ya maji mafu, itokee kwenye grafu moja. Pwani zetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika takriban mita 4, na wakati wa maji mafu mstari unalala. Mtoto ambaye mama yake analima mwani atakwambia kabla hujauliza kwamba siku hizo hawendi shambani, kwa kuwa maji hayaondoki vya kutosha. Andika maneno yake ubaoni, ni ushahidi.

Hapo umevuka mkwamo wa kwanza. Kwa wa pili, kabla ya kufungua Stellarium, watabiri. Sharti hili usiliache kamwe: mtoto asiyetabiri hutazama kioo kama anavyotazama televisheni. Uliza: "Siku ya mwezi mpevu, jua na mwezi viko pande mbili za dunia. Maji yatakuwaje?" Kila mmoja aandike jibu lake.

Halafu fungua programu, mahali uweke Zanzibar, tarehe uweke ya kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa magharibi. Jua linazama upande mmoja, mwezi unachomoza upande wa pili, watoto wanaona kwamba vimekabiliana kweli. Kwenye laptopu, ukibonyeza herufi L wakati unakwenda mbio, ukibonyeza K unarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Peleka tarehe mpaka ya ishirini na mbili: mwezi na jua vinafanya pembe mraba. Peleka mpaka mwandamo: vimekaribiana upande mmoja. Mbele ya kila hali, rudi kwenye grafu. Mpevu, bamvua. Nusu, maji mafu. Mwandamo, bamvua tena.

Sasa zima projekta, kwa sababu sababu yenyewe inaelezwa vizuri zaidi kwa chaki. Chora dunia, na maji yakiizunguka. Mwezi unavuta maji ya upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na unayavuta maji ya upande wa pili kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo maji yanavimba pande zote mbili, sio mmoja. Jua linafanya vivyo hivyo, ila nguvu yake ya kuvimbisha ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Vikiwa kwenye mstari mmoja, iwe upande mmoja au pande mbili, uvimbe wa jua unaongezeka juu ya uvimbe wa mwezi. Vikifanya pembe mraba, kila kimoja kinapunguza cha mwenziwe. Yule aliyesema nguvu inakufa mrejee yeye kwanza, na umwambie mbele ya wenziwe kwamba swali lake ndilo lililofungua somo.

Hatua ya 6: Jua darasa zima linawaza nini, kabla ya kengele

Kuuliza "mmefahamu?" na kujibiwa "ndiooo" hakukuambii kitu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 njia ambayo hata darasa lisilo na kompyuta linaiweza. Toa swali moja lenye majibu manne, kila mtoto aamue kimya, wote waonyeshe kwa pamoja, wajadiliane na jirani aliyejibu tofauti, kisha waonyeshe tena.

Vikadi vya A, B, C na D vikatwe kwenye maboksi, kila herufi rangi yake, na vishikwe mbele ya kifua ili mtoto wa nyuma asiibe jibu. Wewe piga picha moja ya darasa kwa simu. Picha hiyo unaihesabu kwa utulivu, na jioni unaiangalia tena. Wakiwa waliojibu sawa ni chini ya thuluthi moja, rudi ufundishe upya kwa njia nyengine. Wakipata kati ya thuluthi moja na mbili, waachie wajadiliane, hapo ndipo mjadala una faida kubwa zaidi. Wakizidi hapo, eleza kwa ufupi, songa mbele.

Swali la kufungia somo letu halihitaji kitabu: "Siku ya Idi Mosi ya Idi el Fitri, maji ni ya bamvua au maji mafu? Toa sababu." Idi el Fitri inafuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo ni bamvua, kila mwaka. Mtoto anayefika hapo mwenyewe amelifikia lengo uliloliandika katika hatua ya kwanza.

Madarasa ya chini: sauti kabla ya picha

Kwa darasa la kwanza na la pili kifaa bora ni kinasa sauti cha simu. Zanzibar ina historia nzuri hapa: katika miaka ya 2000 watoto wa vituo vya Tucheze Tujifunze walifundishwa kwa vipindi vya redio vilivyosimama kumsubiri mtoto ajibu, aimbe au aruke, mwalimu akiwa pamoja nao. Kusimama huko ndiko kulikofanya redio ifundishe. Fanya hivyo kwa simu yako: rekodi hadithi fupi kwa sauti yako, uache nafasi za watoto kujibu. Na rekodi mtoto akisoma aya ile ile mwanzoni mwa muhula na mwishoni, umsikilizishe zote mbili pamoja na mzazi wake.

Mambo yanayosahauliwa

Kazi ya nyumbani ya simu ifikirie mara mbili. Simu ya nyumbani mara nyingi ni ya baba na imekwenda naye baharini au kazini, na mchana mtoto yuko chuoni anasoma Kurani. Kundi la WhatsApp la wazazi ni zuri kwa matangazo, lakini kazi ya alama isitegemee kitu ambacho nusu ya watoto hawana.

Picha na sauti za watoto ni amana. Omba ruhusa kwa mzazi na kwa mwalimu mkuu kabla ya kupiga, usizirushe kwenye makundi, na picha za vikadi zifute ukishazihesabu na kuziangalia jioni.

Vifaa vyetu vinaliwa na chumvi ya bahari na unyevu kabla ya kuliwa na uzee. Hifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Projekta ipoe kabla ya kufungiwa. Daftari la kuchukua na kurudisha liwe na saini, na ufunguo usiwe wa mtu mmoja tu. Vifaa vingi vinalala kabatini mwaka mzima kwa sababu mwenye ufunguo amehamishwa.

Baada ya kipindi

Siku hiyo hiyo, kwenye sehemu ya tathmini ya andalio, usiandike "somo limefanyika vizuri". Andika wangapi walijibu sawa mara ya kwanza na wangapi mara ya pili, jibu gani lisilo sahihi liliwavuta wengi, na dakika ngapi zilipotea kwenye waya. Kama zilipita kumi, wakati mwengine fika chumbani kabla ya kipindi au tumia picha zilizochapishwa. Kama kifaa kilitumika na namba za majibu sawa hazikupanda hata kidogo kulinganisha na mkondo ulioufundisha kwa chaki, kiondoe kwenye somo hilo na ukijaribu kwenye jengine.

Kisha weka andalio, picha 17 za kila siku, grafu na swali la vikadi kwenye folda moja yenye jina la somo na darasa, uinakili kwa mwalimu anayefundisha somo hilo kwenye mkondo wa pili, na mkae pamoja robo saa mumwonyeshe na mwalimu wa tatu namna ya kuifungua.